Kupanga Mlo wa Wiki Nyumbani: Punguza kwa Kipimo, Badilisha kwa Zamu

Maswali ni yale yale. "Nimeambiwa presha imeanza kupanda, sasa nile nini?" "Wali niache kabisa?" "Nyumbani tumechoka ugali maharage, lakini hela ndiyo hiyo hiyo, tufanyeje?" Anayeuliza mara nyingi tayari amejaribu. Jumatatu aliacha sukari, chumvi, wali, chapati na soda kwa mpigo. Alhamisi alikuwa amesharudi kwenye maandazi yake, tena kwa hasira. Ndiyo maana nimeandika haya, ili nikiulizwa tena niseme tu: soma hapa, anza na hatua ya kwanza.

Njia yenyewe ina mambo mawili tu. Vile vinavyozidi (sukari, chumvi, mafuta) huviachi, unavipunguza kwa kipimo unachokiona kwa macho. Na vile vinavyojirudia (wanga, kitoweo, mboga, matunda) hununui vya bei mbaya, unavipokezanisha kwa zamu. Mifano yangu ni ya nyumba ya watu watano, jijini Dar es Salaam, wanaonunua gengeni na dukani kwa Mangi. Kama uko Tanga, Mwanza au Nairobi, badilisha majina ya mboga, kazi ni ile ile.

Tahadhari moja kabla hatujaanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano, mwenye matatizo ya figo, mjamzito, na mtoto mdogo wana hesabu zao. Hao wazungumze kwanza na mhudumu wa kliniki wanakohudhuria, ndipo waje kwenye daftari.

Unachohitaji

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa, ila daftari linaloning'inia jikoni huandikwa na kila anayepika, simu inaandikwa na mwenye simu tu.
- Maka peni, ile kalamu ya wino mzito isiyofutika kwa maji.
- Kijiko cha chai na kijiko cha chakula ambavyo kazi yake ni kupimia tu. Visiende mezani.
- Kopo lenye mfuniko la chumvi, na jingine la sukari.
- Wiki moja ya uvumilivu kabla ya kubadilisha chochote.

Mizani ya jikoni si lazima. Friji pia si lazima. Nitasema mbele namna ya kufanya kama huna.

Hatua ya 1: Andika mnachokula sasa, usirekebishe kitu

Kwa siku saba, andika kila kilicholiwa nyumbani: asubuhi, mchana, jioni. Andika na vya njiani: soda ya saa nne, karanga za kwenye daladala, chipsi mayai ya Jumamosi. Usipime bado. Andika jina la chakula tu, basi.

Kosa la hapa ni kuanza kujipendezesha. Mtu akijua anaandika, ghafla anakula papai kila jioni. Daftari la namna hiyo halina faida, maana litakuonyesha nyumba ambayo haipo. Kama wiki nzima ilikuwa chai na maandazi, andika chai na maandazi mara saba.

Hatua ya 2: Hesabu makundi, si sahani

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina kipimo rahisi kilichotengenezwa kwa ajili ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Vyakula vimegawanywa katika makundi kumi, na lengo ni kugusa angalau matano kwa siku. Nyumbani tunaweza kukitumia kuona mapengo yetu. Makundi ni haya:

1. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika
2. Maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, njegere
3. Karanga, korosho na mbegu kama ufuta na za maboga
4. Maziwa na mtindi
5. Nyama, kuku, samaki, dagaa
6. Mayai
7. Majani ya kijani: mchicha, matembele, kisamvu, mnavu, majani ya kunde, majani ya maboga
8. Matunda na mboga zenye rangi ya chungwa ndani: embe lililoiva, papai, karoti, boga, viazi lishe
9. Mboga nyingine: nyanya, vitunguu, bamia, bilinganya, nyanya chungu, kabichi
10. Matunda mengine: chungwa, ndizi mbivu, pera, nanasi, tikiti

Sasa chukua siku moja kutoka kwenye daftari lako. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana ugali na maharage. Jioni wali na maharage yaliyobaki. Sahani tatu zimejaa, na kila mtu ameshiba. Ukihesabu: maandazi, ugali na wali vyote ni kundi la kwanza. Maharage, la pili. Nyanya na vitunguu vya kuungia vinaweza kukupa la tisa, kama vilikuwa vya kutosha na si kipande kimoja cha kusindikiza. Jumla tatu. Chai na sukari havihesabiwi popote.

Ongeza fungu la matembele mchana na kipande cha papai jioni, umefika tano. Hujanunua nyama wala kuondoa ugali. Hapo ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu walidhani kula vizuri ni kuacha walichozoea.

Kuna sababu nyingine ya kutokung'ang'ania chakula kimoja, na hii haizungumzwi vya kutosha. Mahindi na karanga vikihifadhiwa vikiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara. Nyumba inayokula mahindi asubuhi kwenye uji, mchana kwenye ugali na jioni kwenye makande ndiyo inayopokea dozi kubwa zaidi pale gunia likiwa baya. Mtama, ulezi, mchele, viazi na ndizi vikipata zamu zao, hatari hiyo inapungua. Na karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au uchungu usio wa kawaida usizisage ukidhani moto utaziponya. Kupika hakuondoi sumukuvu. Tupa.

Hatua ya 3: Andika tarehe kwenye pakiti

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haimhitaji mtu kupima kila anachokula. Ukifungua pakiti ya sukari, chumvi au chupa ya mafuta, chukua maka peni uandike tarehe. Ikiisha, andika kwenye daftari imedumu siku ngapi. Kisha piga hesabu.

*Sukari.* Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni takriban gramu 50 kwa siku. Ikishuka hadi gramu 25, ni bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 4, kwa hiyo gramu 25 ni vijiko sita hivi. Kwa watu watano, kilo moja ikiisha ndani ya siku nne, kila mmoja anakula gramu 50 na mmefika ukingoni. Ikidumu siku nane, mko kwenye gramu 25. Lakini hiyo ni sukari ya kopo tu. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30, yaani vijiko saba hivi, na hiyo haionekani kwenye pakiti yako.

*Chumvi.* WHO inasema chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Watu watano ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo inapaswa kuvuka siku 20. Na kwa kuwa chumvi nyingine inaingia kwa mkate, vidonge vya supu, ng'onda na chipsi za barabarani, lenga iende karibu na mwezi. Nunua chumvi yenye madini joto (ayodini) na ufunike kopo vizuri. Kupunguza chumvi kusikufanye uhamie kwenye chumvi ya kupima isiyo na madini hayo.

*Mafuta.* Lita moja ni vijiko vya chakula 66 hivi. Ikiisha kwa wiki moja kwa watu watano, kila mtu amekunywa karibu vijiko viwili kila siku. Mimi huwaambia watu walenge siku kumi kwa lita. Wanaonunua mafuta ya kupima wana kazi zaidi: mimina yote kwenye chupa moja ya lita, uweke alama ya maka peni pale yalipoanzia.

Kama nyumba ina watoto, kila mtoto mhesabu kama nusu mtu, itatosha kwa kuanzia. Na uji wa mtoto wa chini ya miaka miwili hauhitaji sukari hata kidogo. Hajui ladha hiyo, usimfundishe.

Hatua ya 4: Punguza kimoja, kikikaa ndipo uguse kingine

Angalia hesabu zako, chagua kile kilichozidi sana. Kimoja tu. Kipe wiki mbili au tatu. Ulimi huzoea, lakini hauzoei vitu vitatu kwa pamoja.

Kama ni sukari, anza na chupa ya chai. Nyumba nyingi chai inakorogwa sukari kwenye sufuria kabla ya kumiminwa kwenye chupa, na hapo anayependa kidogo anakunywa ya anayependa nyingi. Wiki ya kwanza punguza kijiko kimoja kati ya kila vinne unavyoweka kwenye sufuria. Wiki ya pili acha kabisa kuweka kwenye sufuria: kopo liende mezani pamoja na kijiko cha chai, kila mtu ajiwekee na ajihesabu. Weka iliki, mdalasini, mchaichai au tangawizi iliyopondwa. Chai yenye harufu nzuri haidai sukari nyingi. Usiruke moja kwa moja kutoka vijiko vinne hadi sifuri, kwani mchovya asali hachovyi mara moja, na aliyenyimwa ghafla anaifuata soda dukani.

Kama ni chumvi, jambo la kwanza ni kukiondoa kikopo mezani. La pili ni kuweka chumvi mara moja tu, mwishoni, chakula kikiwa kimeiva. Anayeweka kwenye kitunguu, akaweka kwenye nyanya, akaweka tena kwenye mchuzi, hajui ameweka ngapi. La tatu: ukiweka kidonge cha supu au kiungo cha pakiti, hicho ndicho chumvi yako ya siku hiyo, usiongeze nyingine. Pengo la ladha lizibe kwa ndimu, kitunguu saumu, pilipili, giligilani au ukwaju. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi walowekwe kwanza na maji yamwagwe.

Kama ni mafuta, acha kumimina kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko cha chakula: vijiko viwili vinaunga sufuria ya maharage ya watu watano bila shida, ukiweka kitunguu kwenye moto mdogo na tone la maji kinapotaka kushika. Siku ya nazi, usiweke mafuta tena. Tui zito linatosha. Vya kukaanga, nikimaanisha maandazi, vitumbua, sambusa na chipsi, wala usijisumbue kuvipunguza mafuta. Vipunguzie siku.

Hatua ya 5: Tengeneza zamu

Wengi hapa hukosea kwa kuandika ratiba ngumu: "Jumatatu mchana: samaki wa kupaka, wali wa nazi, kachumbari." Jumatatu inafika, samaki hakuna au bei imepanda, na ratiba nzima inatupwa. Usiandike ratiba ya sahani. Andika orodha za zamu.

Chukua karatasi moja, igawe safu tano: wanga, kunde, kitoweo cha wanyama, majani, tunda. Chini ya kila safu andika vile vinavyopatikana gengeni kwako na ambavyo familia inakula, visipungue vinne. Bandika nyuma ya mlango wa jiko. Kila siku unachagua kutoka kwenye safu na kuweka alama pembeni. Sheria ni moja: kilichopikwa hakirudi mpaka vingine viwili kwenye safu hiyo vimepata zamu.

Safu ya wanga inaweza kuwa ugali wa dona, wali, ndizi za kupika, viazi vitamu, mihogo, magimbi, ugali wa mtama. Dona nimeitaja kwa makusudi: ina pumba na kiini vinavyoondolewa kwenye sembe. Ila haikai muda mrefu kama sembe, nunua ya wiki moja au mbili. Asiyeipenda achanganye nusu kwa nusu kwanza.

Safu ya kunde ndiyo inayookoa bajeti. Maharage, choroko, kunde, mbaazi, dengu, njegere, njugu mawe. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea asubuhi, mkaa utakaotumia utapungua na tumbo litakushukuru. Choroko na dengu huiva upesi, ziwe za siku unazorudi umechoka. Maharage mekundu yachemke kwelikweli hadi yalainike. Yaliyoiva nusu huumiza tumbo vibaya.

Chemsha mara moja, unga mara mbili, na siku hizo mbili zihesabu kama zamu moja. Siku ya kwanza unaunga nusu kwa nyanya na karoti, siku ya pili nusu iliyobaki kwa nazi au kwa bilinganya. Kama huna friji, yale ya kesho yabaki chukuchuku, hayajaungwa, uyachemshe tena usiku na asubuhi. Yakishatiwa nazi yaliwe siku hiyo hiyo. Maharage ya nazi yaliyolala kwenye joto la Dar asubuhi yamechacha, na utayamwaga pamoja na hela yako.

Kitoweo cha wanyama si lazima kiwe cha kila siku, wala kiwe kingi. Dagaa mara mbili kwa wiki ni kitu kikubwa: wanaliwa wazima na mifupa yao, hivyo unapata na kalsiamu. Mayai, samaki kama kibua, nyama robo kilo iliyokatwa vipande vidogo ndani ya ndizi au njegere. Nyama iwe kiungo cha sufuria, isiwe mwenyeji wake.

Majani yana utajiri ambao hatuutumii. Kuna nyumba zinakula mchicha tu mwaka mzima wakati muuza genge huyo huyo ana matembele, majani ya maboga, mnavu, mlenda na figili. Kisamvu nacho kipo, lakini kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu bila haraka, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwanga na kuchemsha. Majani mengine usiyaue kwa moto. Yakilegea na bado ni ya kijani, epua.

Tunda liwe la msimu, hapo hakuna mjadala. Maembe yanapojaa mwishoni mwa mwaka, kuleni maembe. Machungwa ya Muheza yakishuka bei katikati ya mwaka, hamieni huko. Ndizi na papai ni za kuzibia miezi mingine. Tunda lenyewe, si juisi: juisi ya glasi moja inameza machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio, na mara nyingi juu yake inatiwa sukari.

Asubuhi nayo ina zamu yake, na mara nyingi ndiko kwenye ugonjwa. Maandazi yakibaki siku mbili kwa wiki, siku nyingine zigawane viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, uji wa ulezi, magimbi, na mkate kwa yai. Ni zamu hii inayoshusha mafuta na sukari kwa pamoja bila mtu kuhisi amenyimwa.

Jambo dogo la mwisho kwenye hatua hii: chai ya rangi au kahawa isinywewe pamoja na mlo wa maharage na majani. Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Inywe kama saa moja baada ya mlo. Chungwa au ndimu kwenye mlo huo hufanya kinyume chake, husaidia madini hayo yaingie.

Hatua ya 6: Nunua kwa safu, si kwa njaa

Vikavu (kunde, unga, mchele, dagaa) nunua mara moja kwa wiki mbili au kwa mwezi, sokoni ambako bei ni nafuu kuliko duka la mtaani. Majani na matunda nunua gengeni kila siku au kila baada ya siku moja, kidogo kidogo. Ukifika gengeni usianze na "naomba mchicha". Uliza: "Leo kipi kimeingia kibichi?" Kisha angalia safu yako. Mara nyingi kilichoingia leo ndicho fungu lake ni kubwa.

Usinunue soda na biskuti za kuweka ndani "kwa ajili ya wageni". Wageni wa kwanza huwa ni wenye nyumba.

Hatua ya 7: Weka siku ya kula mtakacho

Pilau la Ijumaa, biriani ya sikukuu, ubwabwa wa shughuli, nyama choma ya mwisho wa mwezi, hivyo haviingii kwenye hesabu ya kila siku. Viacheni. Chagueni mlo mmoja kwa wiki ambao hakuna anayepima wala kumkodolea macho mwenzake. Ninasema mlo mmoja, sio siku nzima, na sio wikiendi. Kwenye shughuli, pakua sahani moja iliyojaa, kaa, ule kwa raha. Mlo unaofuata rudi kwenye safu zako kama kawaida, bila kujinyima kwa adhabu.

Mambo yakikwama

*Watoto wanakataa majani.* Usiyatoe mezani, na usiwapigie kelele. Yakate madogo sana, yachanganye na karanga za kusaga au tui, uwape kijiko kimoja tu pembeni ya kile wanachopenda. Mtoto anaweza kukataa kitu mara nyingi kabla ya kukikubali. Wakishirikishwa kuweka alama kwenye karatasi ya mlangoni, wanalinda zamu kuliko wewe.

*Baba au bibi anasema chakula hakina chumvi.* Umepunguza haraka. Rudi nyuma nusu hatua, kaa hapo wiki mbili, shuka tena. Mzee usibishane naye. Mwekee ndimu na pilipili karibu na sahani yake. Na kama mzee huyo anatumia dawa za presha, mwambie kwa heshima kwamba chumvi inapigana na dawa anazomeza.

*Anayepika ni dada wa kazi na hafuati unavyotaka.* Pengine hujamweleza, umemwagiza. Kaeni naye chini, mwonyeshe kijiko, mwulize yeye anapendekeza nini kwenye safu ya majani. Yeye ndiye anayeenda gengeni, anajua kuliko wewe. Na chakula chake kisiwe tofauti na chenu.

*Ninaishi peke yangu, ninakula kwa mama ntilie.* Zamu yako ni ya kuagiza. Leo wali choroko, kesho ugali dagaa, keshokutwa ndizi. Omba majani yaongezwe na mchuzi upunguzwe, kwa sababu mafuta na chumvi viko kwenye mchuzi. Akishakuzoea hutahitaji kusema. Nyumbani weka tunda, karanga na maji.

*Hela imekata tarehe 20.* Usiguse safu ya kunde wala ya majani. Punguza kitoweo cha wanyama kibaki dagaa na yai, matunda yabaki ndizi au lolote la msimu. Mara nyingi, ukiangalia daftari, hela haikukatwa na mlo, ilikatwa na soda, chipsi na vocha. Hilo ni lako na daftari lako.

*Tumbo linajaa gesi tangu tuongeze kunde.* Loweka muda mrefu zaidi, badilisha maji mara mbili, anza na choroko na dengu kabla ya maharage na mbaazi. Ongeza kidogo kidogo. Kama maumivu ni makali au hayaishi, nenda hospitali, usiendelee kujitibu kwa tangawizi.

*Ramadhani imeingia, ratiba imevurugika.* Safu zinabaki, saa tu ndizo zinabadilika. Futari ya kila siku ya kaimati, sambusa, na uji wenye sukari nyingi ndiyo inayopandisha hesabu zote tatu kwa pamoja. Zipe zamu: siku moja vya kukaanga, siku inayofuata viazi, magimbi au mihogo ya nazi. Tende tatu za kufungulia ni tamu za kutosha, kwa hiyo uji uupunguzie sukari nusu. Daku iwe na kunde au yai, ili mchana usiwe mrefu zaidi ya ulivyo.

*Tumeacha kuandika, daftari lina vumbi.* Fungua pakiti mpya ya sukari, andika tarehe, endelea kutoka hapo. Zile wiki mlizoruka msijaribu kuzijaza kwa kukumbuka.